Kutu iliyojificha kwenye gari la spoti la zamani: kukata, kupiga kiraka au kupaka dawa?

Gari langu ni MGB, gari la spoti la Uingereza, ya wazi ya mwaka 1971, na huu ni mwaka wa 24 tangu nilinunue. Muda wote huo nimeliosha, nimelipaka nta, nimelibadilishia oili kabla ya wakati wake, na niliamini halina kutu kwa sababu moja tu: sikuiona. Kisha siku moja nikatoa kapeti la upande wa dereva kutafuta nati iliyoniponyoka. Nikaegemeza ncha ya bisibisi kwenye kona ya sakafu, pale inapokutana na sili. Sikusukuma. Bisibisi ilizama yenyewe hadi kwenye mpini. Nilipoichomoa ukatoka unga wa kahawia kama ugoro, halafu matone ya maji ambayo huenda yalikuwa mle tangu mvua za mwaka juzi.

Sili, kwa asiyeijua, ni boksi la bati lililolala chini ya mlango kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma. MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Na kwa kuwa toleo la wazi halina paa la kusaidia, sili zile mbili ndizo zinazolizuia gari lisijikunje katikati. Kila sili ni mabati matatu yaliyoshikanishwa: la nje, la ndani, na la kati lililosimama kama ukuta gizani. La nje hung'arishwa na kusifiwa. La kati hakuna anayeliona mpaka akate, na kwangu lilikuwa limebaki nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya gari ni rangi.

Tangu siku hiyo nimepitia karibu kila njia ninayoilinganisha hapa, nyingine kwa akili, nyingine kwa ujinga. Watu huanza na swali la ukubwa wa tobo. Swali hilo linapotosha. Yanayochagua njia ni maswali mawili: bati hili linabeba uzito? Na upande wake wa pili, mkono wangu unaufikia? Tobo la ukubwa wa sahani kwenye ngozi ya madigadi linaweza kuwa kazi ya siku mbili. Tobo la ukubwa wa kidole pale springi ya nyuma inaposhikiliwa linatosha kulisimamisha gari lisitoke.

Kabla ya kulinganisha, chokonoa

Usichague njia kwa kile rangi inachokuonyesha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikiingia katikati ya mabati mawili yaliyoshikanishwa huyasukuma na kuyaachanisha. Kile kipele kidogo unachokiona kwenye rangi, kama umeumwa na mbu, mara nyingi ni mwisho wa safari iliyoanzia ndani.

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Inapoteleza bila kushika, chini yake kuna puti, ule ujazo wa kusawazisha bodi kabla ya rangi. Gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize: bati zima hulia, lililooza hujibu kwa sauti ya karatasi. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu ipenyeze kwenye matundu ya kutolea maji. Kisha tumia ncha kali bila huruma, maana bati linalotoboka kwa mkono halikuwa bati.

Kila gari lina maficho yake. Kwenye Datsun 240Z, iliyoingia sokoni mwaka 1969, anza chini ya betri, kwa sababu asidi inayodondoka huteremka hadi kwenye mhimili wa chini. Kwenye Mazda MX-5 za kwanza, za kuanzia 1989, mifereji ya maji ya turubai iliyo nyuma ya viti huziba, maji yakaingia kwenye sili, na ncha za nyuma za sili zikaoza. Porsche 911 zilipata bodi nzima ya bati lenye zinki kuanzia modeli ya 1976; za kabla ya hapo zichokonoe kama gari jingine lolote. Wenye magari ya faibaglasi nao wasicheke mapema. Chini ya ngozi ya Corvette za zamani kuna fremu ya chuma, na chini ya Lotus Elan kuna chesisi ya chuma iliyokaa kama mgongo wa samaki. Ngozi haiozi, mifupa inaoza.

Dawa ya kutu dhidi ya diski ya kukatia

Dawa nyingi za kugeuza kutu hutumia asidi ya fosforiki au ya taniki. Hugeuza kutu kuwa kitu kigumu cheusi kisichoendelea kula, na juu yake unapaka rangi. Zinafanya kazi, lakini pale tu penye chuma kizima chini ya kutu na mahali ambapo umeweza kukwangua kwanza. Mikono ya saspensheni, vishikio vya injini, uso wa chini wa boneti: huko nazitumia na sina malalamiko.

Kisichowezekana ni dawa kurudisha unene. Bati la bodi lina kama milimita 0.8 hadi 1. Likiliwa nusu, utakachobaki nacho baada ya dawa ni nusu, iliyopakwa rangi nyeusi. Na kwenye mshono wa mabati mawili dawa hulowesha mdomo tu. Ndani kutu inaendelea na shughuli zake.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Miaka tisa kabla ya kisa cha bisibisi nilimimina dawa ndani ya sili kupitia matundu ya chini, nikalitikisa gari, nikajisifu. Nilipokuja kukata nilikuta mstari wa chini wa sili mweusi na mzuri, upana wa vidole viwili, na juu ya mstari huo bati limekuwa kimia. Dawa ilikuwa imeingia kwa chini na kukaa hapo hapo chini.

Kipimo changu siku hizi ni rahisi. Nakwangua mpaka chuma king'ae, kisha natazama mashimo. Yakiwa madogo kama alama za sindano na bati halibonyei kwa kidole gumba, napaka dawa. Yakiwa kama ngozi iliyopona ndui, nakata, hata kama hakuna tobo lililotokeza.

Puti na kitambaa cha faibaglasi visiwekwe kwenye mizani hii. Puti ni ya kulainisha juu ya chuma kizima, tena kwa tabaka jembamba. Anayeziba tobo kwa puti amefunga maji ndani, kwa sababu puti yenyewe hunyonya unyevu. Kwenye madigadi yangu ya nyuma nilikuta puti nene kama kidole gumba, na nyuma yake gazeti lililokunjwa. Sikuweza kulisoma.

Kiraka dhidi ya paneli nzima

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo gari lenye mmiliki wa muda mrefu lina madai yake. Kila inchi unayoikata ni inchi ya gari ulilolijua.

Kiraka kina faida za kweli. Kinaacha bati la kiwandani, mistari haihami, na joto ni dogo. Kwa sakafu iliyooza kona moja, au mdomo wa chini wa madigadi ya mbele, sioni sababu ya kung'oa kitu kizima. Sharti ni moja: kata kuanzia kwenye chuma kizima. Ukiona cheche za mashine ya kuchomelea zinakula ukingo na tobo linapanuka kila unapogusa, hujafika kwenye chuma kizima. Ongeza sentimita mbili, ujaribu tena.

Paneli nzima inashinda pale ambapo ndani hapafikiki. Sili ni mfano ulio wazi. Ukipiga kiraka nje hujui ukuta wa kati una hali gani, na hutaujua mpaka gari lianze kulegea. Kung'oa bati la nje lote kunakupa mwanga, na mwanga huo peke yake unastahili kazi.

Kuna njia ya tatu inayouzwa kwa jina la urahisi: bati la kufunika, linalochomelewa juu ya sili ya zamani bila kuitoa. Ni mbaya kuliko zote. Bati jipya linashikwa na lililooza, na katikati yake panabaki mfuko wa unyevu. Kwenye gari langu, chini ya bati la kufunika palikuwa na bati jingine la kufunika, kisha ndipo mabaki ya sili yenyewe. Watu wawili kabla yangu walikuwa wamefunika badala ya kukata, na wa kwanza wao labda alikuwa na haraka ya kuuza.

Hata wanaobadilisha sili hudanganya. Sili ya MGB haiishii mlangoni. Inapita nyuma ya madigadi ya mbele na chini ya ile ya nyuma. Madigadi ya mbele imefungwa kwa bolti, inatoka. Ya nyuma imechomelewa, kwa hiyo inabidi ukate mdomo wake wa chini na kuurudisha baadaye. Fundi mvivu hukata sili pale macho yanapoishia, anaacha ncha mbili zilizooza gizani, na kwa nje kazi inapendeza. Ukimlipa mtu akufanyie, omba picha za ncha hizo kabla hazijafungwa. Mimi ningelipia hizo picha kuliko kulipia rangi.

Jambo linaloharibu magari mengi kuliko kutu ni kukata bila kuzuia. Gari la wazi likiondolewa sili hujikunja kwa uzito wake lenyewe, na ukichomelea sili mpya katika hali hiyo umelifunga gari likiwa limepinda milele. Tulichomelea bomba la pembe nne kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Gari tuliliegemeza chini ya ekseli ya nyuma na saspensheni ya mbele, ili likae kama linavyokaa juu ya magurudumu. Tulikata upande mmoja tu, tukaumaliza, ndipo tukahamia wa pili. Mlango wenyewe uwe kipimo chako. Mwanya wa nyuma ya mlango wangu ulikuwa milimita 3 juu na 5 chini kabla hatujagusa kitu, kumaanisha gari lilikuwa limeshaanza kuinama.

"Kaka, usikate mpaka mlango ukubali," fundi aliyenisaidia aliniambia.

Nilitaka kubishana, grainda ilikuwa mkononi tayari. Tulipandisha jeki robo zungusho baada ya robo zungusho, tukawa tunafungua na kufunga mlango, mpaka mwanya ukalingana na kitasa kikaanza kuingia bila kubamizwa. Asubuhi nzima ilikwisha hivyo. Ndipo tukachomelea bomba, ndipo tukakata.

Paneli iliyotengenezwa, ya kujikunjia, au bodi nzima mpya

Gari lenye wapenzi wengi lina paneli mpya zinazopatikana. Lisilo nao, utakunja mwenyewe. Mkunjo ulionyooka, kama wa sakafu au wa boksi la chini, unakunjika kwa vibao viwili na nyundo. Mviringo wa pande mbili, kama bega la madigadi, ni ufundi wa miaka. Huo mpe mwenye mkono.

Paneli ya dukani usiiamini kabla ya kuijaribisha mahali pake, na kila kitu cha jirani kikiwa kimefungwa. Isugue pia kwa kitambaa chenye thina. Ile rangi nyeusi iliyokuja nayo ikitoka, ilikuwa ya safari tu. Iondoe yote upake praima ya kweli, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma.

Kwa MGB kuna jaribu kubwa zaidi: tangu 1988 British Motor Heritage huuza bodi nzima mpya. Kwa hesabu ya saa za kazi, gari lililooza sili, sakafu na madigadi zote linaweza kukurahisishia uamuzi. Mimi sikuichukua. Ningehamisha injini, viti na usukani kwenda kwenye bodi ambayo sijawahi kukaa ndani yake, kisha niendelee kuliita gari langu. Huo ni moyo unaosema, na sidai ni hoja ya kifundi. Anayetaka kuendesha mwakani na si miaka minne ijayo, bodi mpya ni jibu la heshima.

MIG, TIG au gesi

Kwa mtu anayejifunza, akifanya kazi chini ya gari lenye uchafu wa miaka 50, MIG, mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, inashinda bila mjadala. Tumia waya wa milimita 0.6 na gesi ya mchanganyiko wa argoni na kabonidayoksaidi. Usivute mstari mrefu. Weka nukta, ruka sentimita kadhaa, weka nyingine, rudi ukipapasa bati kwa nyuma ya mkono. Likiwa bado moto, ngoja. Bati halijipindi kwa sababu ya mashine, linajipinda kwa sababu ya haraka ya mshika mashine. Kasoro ya MIG ni kwamba mshono wake ni mgumu. Ukisaga sana unapunguza bati la pembeni, na ukigonga unapasuka.

TIG, ambayo mkono mmoja hushika cheche na wa pili hulisha waya, inatoa mshono laini unaoweza kugongwa kwa nyundo, ukikingiwa chuma kwa nyuma, mpaka bati linyooke, kwa hiyo kwa ngozi ya nje inayoonekana, kama bega la madigadi au mlango, ndiyo bora. Lakini inataka chuma kisafi kama sahani ya kulia, inataka mikono miwili na mara nyingi mguu, na haivumilii kutu hata chembe. Kulala chali chini ya sili ukiwa na TIG ni adhabu.

Gesi, ile ya oksijeni na asetilini, mikononi mwa mzee aliyeizoea hutoa kazi nzuri ajabu. Mikononi mwangu ilitandaza joto hadi kwenye lami ya kuzuia kelele iliyokuwa upande wa pili wa sakafu, ikawaka moto. Ndoo ya maji ilikuwa karibu kwa bahati tu. Kwa mashine yoyote ile, toa tangi la mafuta lote, ng'oa waya za betri, kwangua lami na nta ya zamani, na mtu wa pili akae akitazama upande usiouona. Ukimaliza, kaa hapo saa nzima kabla ya kufunga mlango wa karakana.

Gundi za kisasa za paneli zipo na zinashika kweli, ila nazitumia kwenye ngozi ya mlango tu. Pale kiwanda kilipochomelea, chomelea.

Kuhusu maungio, ngozi ya nje iungwe ukingo kwa ukingo, isipandane. Kupandisha bati juu ya jingine ni rahisi na hakukutobolei, ila kunajenga ule ule mfuko wa maji uliokuleta hapa. Mabati yapandane pale tu kiwanda kilipoyapandisha, yaani kwenye kingo za sili na sakafu. Hapo toboa matundu ya milimita 8, paka praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa, jaza matundu kwa MIG, kisha ziba mshono mzima. Zinki ikiungua moshi wake unaleta homa; fungua milango na uvae barakoa inayofaa.

Kwa sehemu zinazobeba, mshono uendelee pande zote za kiraka. Wakaguzi wa magari Uingereza huitazama kwa ukali kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali saspensheni, usukani au mikanda ya usalama inapofungwa. Popote ulipo, ni kipimo kizuri cha kujua wapi usifanye mzaha.

Kusafisha kutu kabla na baada

| Njia | Inafaa | Angalia |
|---|---|---|
| Brashi ya waya na msasa | Sehemu ndogo, wazi | Hung'arisha kutu kwenye mashimo bila kuitoa |
| Kupuliza mchanga | Chesisi, mihimili, bati nene | Hupinda mabati mapana. Vumbi la silika (la mchanga wa kawaida) huua mapafu, tumia chembe za ganeti au za kioo |
| Kuchovya kwenye asidi | Bodi iliyofunguliwa yote | Asidi hubaki kwenye mishono na kuanza kutu upya |
| Umeme na magadi | Vishikio, vitu vidogo vya chuma | Kitu chako kiwe upande wa hasi; usitumie chuma cha pua upande wa pili, hutoa sumu; kuna gesi ya hidrojeni |

Kwa boneti na milango, mchanga haupaswi kukaribia. Nimeona boneti iliyorudi ikiwa na mawimbi kama bati la paa.

Kinga: rangi, mafuta au nta

Praima ya epoksi ndiyo ninayoiamini juu ya chuma kitupu, kwa sababu inazuia maji. Praima nyingi za kawaida zinayapitisha. Lakini ndani ya boksi lililofungwa bomba la rangi halifiki kila kona, na mishono iliyochomelewa imeshaunguza rangi yake kwa ndani. Huko ni kazi ya nta ya mashimo au mafuta.

Mafuta hupenya zaidi, hupanda hadi kwenye mishono, na kwa kutu ambayo huwezi kuifikia ndiyo msaada wa pekee. Ila hukauka na kudondoka, kwa hiyo urudie kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Nta hukaa muda mrefu zaidi, ila inataka pakavu. Kwenye mabati mapya niliweka nta. Kwenye kona za zamani ambazo sikuzikata naendelea na mafuta. Ile lami nene ya mpira inayopakwa chini ya gari siitaki tena. Ikipasuka kidogo huingiza maji na kuyaficha, na ndiyo iliyonifichia ukweli miaka yote ile.

Nta iwe kazi ya mwisho kabisa, baada ya kuchomelea na rangi kukauka, maana rangi haishiki palipo na nta. Nilipulizia kwa mpira mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote, nikiuvuta nyuma polepole, mpaka nta ikatoka kwenye matundu ya chini. Kesho yake nikalala chali na kipande cha waya, nikazibua tundu moja moja. Kati ya matundu sita ya sili ya kushoto, manne yalikuwa yamezibwa na nta yangu mwenyewe.